Miraba ya Viraka Inapogoma: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Blanketi la Mabaki ya Vitenge

Blanketi la viraka likikataa kukaa vizuri, lawama ya kwanza huangukia vitambaa. Utasikia maua ya kitenge ni makubwa mno, mabaki ya fundi hayalingani, rangi zinapigana. Nimeangalia miraba mingi ya watu iliyogoma, na nasema bila kusita kwamba mara nyingi kitambaa hakina kosa. Kosa liko kwenye upana wa mshono, au kwenye pasi, au kwenye namna rangi za mwanga na rangi za kiza zilivyogawanywa. Yote hayo yanarekebishika, na mengi unaweza kuyapima kwa futi kamba kabla hujafumua uzi wowote.

Fuata mpangilio huu: vipimo kwanza, kisha umbo, kisha kitambaa chenyewe, na rangi mwisho. Anayehangaika na rangi wakati miraba yake haina ukubwa mmoja atahamisha vipande usiku kucha na asipate raha.

Ili hesabu zieleweke, tuchukue kitanda cha futi tano kwa sita. Mraba mmoja una viraka tisa, tatu kwa tatu, na kila kiraka kimekatwa inchi 3½. Mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo kiraka kikishashonwa pande zote hubaki inchi 3. Mraba kabla ya kuungana na wenzake uwe inchi 9½, na ukishaungana uwe 9. Miraba 8 kwa upana na 9 kwa urefu hukupa inchi 72 kwa 81: kitanda kimefunikwa, inchi 6 zinaning'inia kila ubavu, na 9 upande wa miguu.

Miraba haina ukubwa mmoja

Unaweka mraba juu ya mwenzake na kingo hazikutani. Usiunge safu bado. Pima kila mraba katikati, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, uandike kipimo kwenye karatasi ndogo na kuibana hapo kwa pini. Ukishapima kumi hivi utaanza kuona ugonjwa ni upi.

Kama yote imepungua kwa kiasi kilekile, tatizo ni nafasi ya mshono. Fundi aliyezoea magauni ana mkono wa nusu inchi, maana nguo huachiwa akiba ya kuongeza mwenyewe akinenepa. Kwenye viraka akiba hiyo haina kazi, na hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukishona kwa ⅜ ya inchi badala ya robo, umezidisha moja ya nane tu. Lakini kila kiraka kina pande mbili, kwa hiyo kinapungua robo inchi, na upana wa blanketi letu una viraka 24. Karibu inchi 6 zimeliwa, yaani sehemu yote iliyokuwa ining'inie ubavu mmoja wa kitanda.

Kuna jaribio la kuujua mkono wako. Kata vipande vitatu virefu, kila kimoja upana wa inchi 1½, uviunge kwa mshono unaodhani ni robo inchi, upige pasi. Sasa pima: cha katikati kiwe inchi 1 kamili na vyote vitatu kwa pamoja inchi 3½. Wengi hushangaa kuona kwamba hata wakishona robo inchi sawasawa, cha katikati kinapungua kidogo. Sababu ni kwamba kitambaa kinapojikunja juu ya mshono kinatumia upana fulani kwa ajili ya unene wake, na kitenge ni kinene kuliko khanga. Basi acha mshono uwe mwembamba kuliko robo inchi kwa nyuzi mbili tatu za kitambaa, urudie jaribio mpaka cha katikati kitoe inchi 1.

Usiamini ukingo wa mguu wa cherehani. Kwenye Butterfly au Singer ya kukanyaga, umbali kutoka sindano hadi ukingo wa mguu wa kawaida si lazima uwe robo inchi. Telemsha sindano taratibu kwenye alama ya rula, tazama robo inchi inaishia wapi juu ya bamba, kisha bandika hapo tabaka kadhaa za selotepu ziwe ukuta mdogo wa kuegemezea kitambaa. Angalia usiyafunike meno yanayosukuma kitambaa.

Kama mingine ni mikubwa na mingine midogo bila utaratibu wowote, tafuta kosa kwenye ukataji. Kitambaa kikikunjwa tabaka nne, la chini huteleza mbele ya mkasi. Kata tabaka mbili, si zaidi. Kama unatumia kiolezo cha kadibodi, fahamu kwamba mkasi na chaki hukila ukingo wake kidogokidogo, na kiraka cha mwisho hakiwi sawa na cha kwanza. Tengeneza violezo kadhaa kwa pamoja, uhifadhi kimoja ambacho hakitumiki kabisa, na vingine uvilinganishe nacho kila mara.

Je, miraba ambayo tayari imetofautiana? Usifumue. Izungushie kila mmoja ukanda wa kitambaa cha rangi moja, upana wa inchi 2 hivi, kisha ikate yote kwa kipimo kimoja. Ukanda utakuwa mpana hapa na mwembamba pale, na kwenye kazi ya mabaki hilo huonekana kama uamuzi wako. Mimi huipenda tiba hii kuliko kupunguza miraba yote ifuate ule mdogo, kwa sababu kupunguza hula viraka vya pembeni na kuacha cha katikati kikiwa kikubwa kuliko wenzake.

Makutano ya mishono yamepishana

Vipimo viko sawa lakini pale kona nne zinapokutana kuna ngazi ndogo. Hapa mkosaji ni pasi. Safu ya kwanza ya viraka mishono yake ilazwe kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia. Ukiziweka safu uso kwa uso, vinundu vya mishono vitaumana, utavihisi kwa kidole vikikaa pamoja. Bana pini hapo kwanza, ndipo ubane kwingine. Utaratibu huohuo ufuate kati ya mraba na mraba. Pale ambapo kitambaa cheupe kimepakana na cheusi, mshono ulale upande wa cheusi usije ukaonekana kwa juu kama kivuli, hata kama utaratibu wa kulia na kushoto utavunjika mahali hapo.

Mraba umelala upande

Pande zote nne zina kipimo sahihi, lakini ukiuweka mezani unaona umeegemea upande mmoja. Pima kona hadi kona, mara mbili kwa kupishana. Vipimo viwili visipofanana, mraba umevutika.

Mabaki ya fundi yana hatari hii kwa sababu yamekatwa kufuata kwapa, shingo na mkono wa gauni, na kingo zake nyingi ni za mshazari. Kitambaa kilichofumwa hakivutiki sana kikifuata uzi wa wima au wa mlalo, lakini kwa mshazari hunyumbuka. Kabla ya kukata kiraka chochote, vuta kitambaa kwa mikono miwili uone uzi unaelekea wapi. Ulalo wa maua usikudanganye, maana chapa haiko sambamba na uzi kila wakati.

Kipande kizuri chenye mshazari usichoweza kukiacha, kipe wanga. Chovya kwenye wanga mwepesi wa muhogo, kikaushe, kipige pasi, ndipo ukikate. Na pasi yenyewe ishushwe na kuinuliwa, isiburutwe. Kuburuta ni tabia ya kunyoosha shati, na ndiyo inayovuta miraba mingi, hasa kwa pasi ya mkaa ambayo uzito wake pekee unatosha kusukuma kitambaa.

Mraba uliokwisha kulala unaweza kurudishwa ukiwa haujazidi nusu inchi. Uloweshe kwa maji, uvute kona mbili zenye kipimo kifupi, ubane kwa pini kwenye blanketi nene lililochorwa mraba wa kipimo kwa chaki, uache ukauke hapohapo.

Katikati pametuna, au kingo zinapiga mawimbi

Dalili hii huja zaidi kwenye mraba wa kuzungusha, ambao una kiini katikati na vipande virefu vinavyoongezwa upande baada ya upande hadi ukubwa ufike. Ni mraba unaoyafaa sana mabaki yetu, kwa sababu fundi huacha vipande vyembamba virefu ambavyo havitoi kiraka cha inchi 3½. Marekani mraba wa jinsi hii umependwa tangu karne ya 19. Wanawake Weusi wa Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya mto Alabama, waliufanya uwe wao kabisa: waliuzungusha mpaka mraba mmoja ukawa blanketi zima, kwa nguo za shambani zilizochakaa. Mwaka 2002 mablanketi yao yalioneshwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na mwaka 2006 yalichapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Ukitazama picha zake utaona mistari iliyopinda na pembe zisizo sawa, na bado blanketi linalala tambarare. Ulalo huo tambarare ndio tunaoutafuta hapa.

Kingo zikipiga mawimbi, umeshona kipande kirefu bila kukipima na kukata kilichozidi ulipofika mwisho. Meno ya cherehani husukuma kitambaa cha chini kuliko cha juu, kwa hiyo kipande kisichopimwa huingia kwa urefu uliozidi ubavu. Kila mzunguko huongeza kidogo, na mwishowe ukingo una kitambaa kingi kuliko katikati. Katikati pakituna, ni kinyume: vipande vimevutwa vikashonwa vikiwa vifupi. Tiba ni moja kwa yote mawili. Pima mraba katikati, kata kipande kwa kipimo hicho, bana pini mwanzo, mwisho na katikati, ndipo ushone.

Ukiona bado mkono hautulii, shonea juu ya karatasi. Kata karatasi ya gazeti kwa ukubwa wa mraba, weka kipande cha kwanza juu yake, ongeza kimoja baada ya kingine, kisha punguza yote kufuata karatasi na uichane. Fupisha hatua ya mshono hadi karibu milimita 1.5 ili karatasi ichanike kirahisi bila kulegeza uzi. Wino wa gazeti hupaka kitambaa cheupe, kwa hiyo kwenye rangi za mwanga tumia karatasi ya daftari. Wengine hutumia shuka la zamani badala ya karatasi na kuliacha humo ndani. Ni sawa, ila blanketi litakuwa zito, na pengine hutahitaji kuweka kitu kingine katikati.

Mraba ulikuwa mzuri, ukafuliwa ukaharibika

Chanzo huwa kimojawapo kati ya vitatu.

Cha kwanza ni kusinyaa. Kitenge kipya kina ugumu wa dawa za kiwandani, na pamba yake haijawahi kukutana na maji. Ukikichanganya na khanga iliyofuliwa miaka mingi, kufua kwa kwanza kutavuta kimoja na kukiacha kingine. Loweka mabaki yote kwenye maji ya moto kabla ya kukata. Vipande vidogo vitiwe kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu visije vikafumuka na kufungamana, kisha vipigwe pasi vikiwa na unyevu.

Cha pili ni kuchuja rangi. Bluu ya nili, nyekundu na nyeusi ndizo za kuogopwa. Lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, kandamiza kwa pasi ya moto. Cheupe kikipata doa, kipande hicho kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi, na kisipoacha kutoa rangi usikiweke kwenye kazi hii. Usitegemee chumvi wala siki kufunga rangi ya kiwandani. Kama blanketi limekwisha kuchujiana, usilianike. Lirudishe kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni, maji mengi kweli, likae muda mrefu na ubadilishe maji kila yakipata rangi. Doa lililokauka na kupigwa pasi ni gumu kuliko doa bichi.

Cha tatu ni kuchanganya vitambaa visivyo vya ukoo mmoja. Kwenye gunia la fundi kuna pamba, kuna poliesta, kuna jezi zinazovutika. Ukiwa na shaka, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Poliesta haivumilii joto la pasi linalohitajika kwa kitenge, kwa hiyo nashauri uitenge kabisa ifanye kazi nyingine. Kodrai, jinzi na maradufu ni pamba lakini ni nzito. Zikae na wenzao wa uzito uleule, na sindano iwe namba 16 badala ya 14.

Miraba yote ni mizuri, ikikaa pamoja inachosha macho

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo pana utamu wa kazi yenyewe.

Kitenge kilichorwa kivaliwe na mtu mzima, kionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Ua moja linaweza kuwa kubwa kuliko mraba wetu. Kikikatwa inchi 3½, ua halionekani tena, vinabaki vipande vya rangi kali. Ukiweka tisa kama hivyo kando kando, kisha ukaiweka miraba 72 kama hiyo kando kando, jicho halina mahali pa kutua. Tatizo halikuletwa na kitambaa fulani. Kila kimoja kizuri, ila hakuna hata kimoja kilichonyamaza.

Tiba yake ni kitambaa cha rangi moja, na cha kwanza ninachokifikia ni amerikani, ile pamba nyeupe isiyo na chapa. Weka mraba mmoja wa viraka, mmoja wa amerikani mtupu, mmoja wa viraka, kama ubao wa dama. Kwenye kitanda chetu utahitaji miraba 36 tu ya viraka, kazi imepungua nusu, na kila mraba unaonekana. Anayeogopa weupe kuchafuka atumie bluu ya nili au kahawia iliyokolea, jicho litatua vilevile. Njia nyingine ni mikanda ya rangi moja ya inchi 2 kati ya miraba yote, na viraka vidogo vyekundu au vya manjano kwenye makutano ya mikanda. Rangi ya mkanda usiichague peke yake mkononi. Itandaze chini ya miraba, uache upana wa mkanda uonekane, utazame kwa mbali.

Blanketi zima limekuwa kama tope

Hii ni dalili tofauti na ile ya juu ingawa watu huzichanganya. Hapa rangi hazigombani, ila hakuna umbo linalojitokeza. Viraka tisa vipo lakini huvioni.

Chanzo ni uzito wa rangi. Watu hupanga kwa majina ya rangi, nyekundu hapa na kijani pale, na kusahau kwamba nyekundu na kijani zinaweza kuwa na kiza sawa kabisa. Piga picha kwa simu, ugeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kimoja kila mahali, umeupata ugonjwa. Njano karibu kila mara huwa ya mwanga. Nyekundu ndiyo mdanganyifu mkuu: machoni inang'aa, kwenye picha ya kijivu inazama pamoja na bluu na kijani.

Gawa vipande mafungu matatu kwa kutumia picha hiyo: mwanga, kati na kiza. Kitenge kina jambo lake hapa. Nguo moja inaweza kuwa na nili na krimu pamoja, kwa hiyo viraka viwili vya kitenge kimoja vinaweza kwenda mafungu mawili tofauti. Panga baada ya kukata, kiraka kwa kiraka. Fungu la kati likizidi, na huwa linazidi, lisikutishe. Mengi yake yatageuka kuwa kiza yakiwekwa kando ya krimu, na kuwa mwanga yakiwekwa kando ya nili.

Sasa weka kiza kwenye kona nne na katikati, mwanga kwenye nafasi nne zilizobaki, na ufuate hivyo kwenye kila mraba bila kujali rangi ni zipi. Ukiipishanisha na miraba mitupu ya amerikani, viraka vya kiza vitashikana kona kwa kona na kutoa minyororo inayokatiza blanketi kwa mshazari. Hilo ndilo linaloyaokoa mabaki: utaratibu wa mwanga na kiza ukiwa thabiti, rangi zinaweza kutoka popote, gunia lolote, msimu wowote.

Mraba wa kuzungusha una njia yake. Pande mbili zinazopakana ziwe za mwanga, mbili za kiza, ili mraba ugawanyike kwa mshazari. Kwa kuzungusha miraba tu, bila kushona chochote kipya, unapata mistari ya mshazari kama matuta ya shamba, au almasi zinazopanuka kutoka katikati. Almasi zinahitaji idadi inayogawanyika kwa mbili pande zote. Ukiwa na 8 kwa 9, almasi haitakaa katikati, kwa hiyo ongeza safu uwe na 8 kwa 10, na urefu wa ziada ufunike mito.

Jicho linakimbilia mahali pamoja

Tafuta kiraka kinachopiga kelele. Mara nyingi ni njano kali au chungwa iliyo peke yake katikati ya rangi zilizopoa. Ama kitoe, ama kitafutie wenzake: rangi hiyohiyo ijitokeze angalau sehemu tatu zisizo kwenye mstari mmoja. Mimi huanza kupanga kwa kutandaza hizo kali kwanza, peke yake, sakafuni, na zikishasambaa vizuri ndipo hizi nyingine hujaza nafasi.

Rangi moja ikirundikana upande mmoja, chanzo ni kushona kwa kufuata mfuko: leo mabaki ya gauni hili, kesho ya lile. Changanya viraka vyote kwenye beseni kabla ya kuanza mraba wa kwanza.

Panga mchana. Taa ya manjano hufanya nili ionekane nyeusi na krimu ionekane nyeupe, na asubuhi unaona kitu kingine kabisa. Zima feni, tandaza kwenye mkeka, panda juu ya kiti, piga picha, itazame kichwa chini. Penye nafasi ukutani, tundika blanketi la zamani lenye manyoya. Viraka vya pamba hushika hapo bila pini nyingi, na unapata kuvitazama kwa mbali bila kupanda popote.

Maandishi ya khanga yamesema kitu kingine

Khanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa, ina pindo, mji ambao ni sehemu ya katikati, na jina ambalo ni maneno yake. Pindo ni hazina kwa mraba wa kuzungusha, maana ni ukanda mrefu uliokwisha kupangwa. Jina ndilo linalohitaji uangalifu. Likatwe MAJUTO NI MJUKUU katikati, na kitanda cha bibi harusi kinabaki na neno MAJUTO peke yake. Soma kila kiraka chenye herufi kabla ya kukiweka. Jina zuri liache zima, lishone kama kipande kirefu cha mwisho cha mraba au kama ukanda wa upande wa mito, na herufi zielekee anayelala ili alisome. Ndege, samaki na kuku wa vitenge nao waangaliwe: ama wote wasimame, ama waelekezwe kila upande kwa makusudi. Mmoja tu akiwa kichwa chini ndiye atakayeonekana.

Vipande havina umbo lolote la kukata mraba

Kuna pembetatu, vitambi vya shingo, vikorokoro. Usivilazimishe. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona tandiko liitwalo kawandi bila mraba hata mmoja. Huanza kwenye ukingo wa bitana na kwenda ndani wakizunguka, kipande kikikunjwa ukingo na kufunikwa na kinachofuata, vyote vikishikwa kwa mshono wa mkono wa kupitisha. Kwenye kona huweka vitambaa vidogo vilivyokunjwa waviitavyo phula. Hapa hakuna futi kamba inayohitajika, na kipande cha umbo lolote kina nafasi. Kwa mtu mwenye gunia la masazo ya masazo, naona hii ndiyo njia ya heshima zaidi kuliko kutupa nusu yake ili upate viraka vilivyonyooka.

Pindo la blanketi linacheza

Miraba imeungana vizuri, umeongeza pindo, sasa linapiga mawimbi. Ulipima pembeni. Kingo za nje huwa zimevutika wakati wa kushona, kwa hiyo pima urefu wa blanketi katikati yake, ukate mapindo mawili kwa kipimo hicho, uyabane mwanzo, mwisho na katikati, halafu ndipo upime upana kwa ajili ya mawili yaliyobaki.

Umekwisha kuunga, ndipo unaona viraka viwili vya kitenge kimoja vimekaa pamoja

Kama safu bado ni mbili tatu, fumua. Njia ya kujikinga ni kubandika namba kwenye mraba wa kwanza wa kila safu kwa karatasi na pini kabla hujaziinua kutoka sakafuni, kisha uziweke safu moja moja kwenye mfuko wake. Kama blanketi limekwisha kuungwa lote, acha cherehani. Kata kiraka kingine cha rangi inayofaa, inchi 3½, kunja kingo zake robo inchi pande zote nne, ukipige pasi, ukiweke juu ya kile kilichokosewa na ukishone kwa mkono kwa hatua ndogo, sindano ikiingia kwenye mkunjo wenyewe. Kona nne zikikaa kwenye mishono ya chini, haitajulikana kwamba kiliongezwa. Kazi hii ifanywe kabla bitana haijawekwa, ukiwa bado unaweza kupunguza kwa mkasi kitambaa cha chini ili pasiwe pazito.